Kura ya Mikono

Jumapili ya kwanza ya Mei jimbo zima lilisimama uwanjani kupiga kura kwa mikono, kama mababu walivyofanya. Hapa hapana sanduku wala pazia. Unainua kadi yako, na jirani yako, mkweo na aliyekuazima trekta wote wanakuona. Watu wa jimbo hili hujisifu mpaka wanachosha kwamba katika Uswisi nzima wamebaki wao na wenzao wa jimbo moja tu wenye moyo huo.

Siku hiyo hoja ilikuwa ya Regula Zentner: kuanzia sasa nyumba yoyote isifungwe tena tanuri jipya la mafuta la kupashia joto. Juu ya kitongoji chao cha Hinterboden, barafu iliyoushikilia mlima tangu enzi na enzi ilikuwa ikiyeyuka ndani kwa ndani kwa joto linaloletwa na moshi wa mafuta duniani, na mawe yalishuka hata wakati wa baridi. Serikali ilikwisha kusema: vuli ikifika, watu wote wahame. Regula angekwenda kwa binti yake Zurich. Alijua fika kwamba hoja yake haitauzuia mlima. Alichotaka ni kitu kimoja tu kabla ya kuondoka, awaone watu wake wakikubali.

Ubavuni pake alisimama mdogo wake, Jost, aliyehamia mjini zamani, humu humu jimboni. Riziki ya Jost ni kufunga hayo hayo matanuri.

"Utainua?" Regula akamuuliza.

"Dada, si nimeshakuahidi? Unataka nikuapie kwa kaburi la mama?"

"Ndiyo."

"Haya, kwa kaburi la mama. Ila wateja wakinikimbia, nahamia kwako na mke wangu, na unajua anavyokoroma."

Wakacheka wote wawili.

Zamu yake ilipofika, Regula alipanda jukwaani. "Ndugu zangu," alisema, "sisi wa Hinterboden tumeshakwenda, siwaombi mtuokoe. Nawaomba muanze tu." Akapigiwa makofi, na moyo wake ukapanda.

Kisha akaja Balz Knobel, mjumbe wa baraza, mtu wa maneno matamu, asiye na adui. "Regula namheshimu. Tulisoma darasa moja na alinichapa mara mbili." Uwanja ukaangua kicheko. "Lakini jamani, sisi tuko wangapi? Wachina wakipika chai ya asubuhi tu, moshi wao unatushinda sisi wa mwaka mzima. Leo tumwambie bibi kizee wa bondeni auze ng'ombe anunue mtambo wa kisasa, ili mlima ufurahi?"

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Siku hizi kila nchi tajiri imejifanya kidole kimoja, na chawa ananenepa.

Kura zikapigwa. Hapa hakuna anayehesabu, mwenyekiti hukadiria kwa macho. Kadi zilijaa juu pande zote mbili, na ya Jost ilikuwamo upande wa ndiyo, imenyooka. Mwenyekiti akakunja uso, akashauriana na wenzake.

"Sina hakika," akatangaza. "Tunarudia."

Kurudia ndiko kulikoharibu. Watu walipata nafasi ya kugeuka na kutazamana. Bwana mmoja nyuma yao akamgusa Jost begani, kwa upole kabisa, tena akitabasamu. "Jost, kumbe! Sasa lile tanuri langu la Septemba, kazi nimpe nani?"

Mikono ikaitwa tena. Regula akainua wake. Hakutaka kutazama pembeni, akatazama. Jost alikuwa amevua miwani na anaifuta kwa ncha ya shati, mikono yote miwili ina kazi.

"Hoja imekataliwa," mwenyekiti akasema, na hakuwa na shaka.

Baadaye walikula soseji za nyama ya ndama pamoja, washindi na walioshindwa, kama ilivyo ada. Jost alimletea dada yake sahani, asimtazame usoni. Balz akaja kumshika mkono.

"Usikate tamaa, Regula. Ilikuwa karibu! Mwakani uilete tena, huenda hata mimi nikakuunga mkono."

"Mwakani nitakuwa mtu wa Zurich, Balz. Kura hapa ni ya wakazi."

Balz akapepesa macho. Hakuwa amelifikiria hilo. Wala Regula mwenyewe hakuwa amelifikiria hadi mwisho: Hinterboden nzima inatawanyika, mmoja kwa mwanawe, mwingine kwa shemeji, wengi wao nje ya jimbo. Kila mawe yatakapofukuza kitongoji, mikono itapungua uwanjani, na watakaobaki kupiga kura ni wale ambao mlima haujawafikia.

"Basi Jost ataileta," Balz akasema.

Wote wawili wakamtazama Jost.

"Kula, dada," Jost akasema. "Inapoa."