Miguu ya Zablon

Zablon, mjukuu wangu wa kwanza kwa binti yangu Restuta, alisifiwa miguu tangu mdogo. Mashavu ya miguu yalijaa, magumu kama muhogo mbichi. Wageni wakija kutoka Mpwapwa walikuwa wanayabonyeza kwanza, ndipo waulize habari za nyumbani. Mwanangu Sostenes, mjomba wake, akasema, "Ng'ombe wetu wamepata mtu."

Akampeleka machungani. Huko mtoto akawa anabaki nyuma, anaanguka. Akitaka kuinuka, anaweka viganja chini, kisha magotini, kisha mapajani, mpaka asimame.

"Wee, unajipanda mwenyewe kama mjusi ukutani?" Sostenes akamcheka. "Kimbia, miguu ipate nguvu!" Akamkimbiza makusudi, hata mtoto akilia.

Miguu ilipogoma kabisa, tukampeleka hospitali kubwa, Dodoma mjini. Daktari alikuwa mama wa Kirangi, Mwanahawa, akaniamkia kabla sijakaa. Alichukua damu, ikapelekwa mbali, tukasubiri hadi mtama ukavunwa. Tuliporudi alisema mwili wa Zablon hautengenezi protini moja iitwayo distrofini.

"Bibi, unakaa nyumba ya bati?"

"Ya bati ni ya Sostenes. Mimi nimo kwenye tembe langu la fito, kamba na udongo."

"Basi utanielewa. Msuli ni chembe nyingi, nyembamba, ndefu. Kila chembe ina ngozi yake nje na fito zake ndani. Distrofini ni kama kamba inayozifunga fito na ile ngozi, ili msuli ukijikaza ngozi isichanike."

"Na kamba isipokuwapo?"

"Kila akikaza mguu, ngozi inachanika. Mwili unaziba, unaziba, mwisho unachoka. Panapokufa msuli panajaa mafuta."

"Kwa hiyo yale mashavu ya miguu..."

"Ni mafuta na makovu, bibi."

Nikauliza moyo je. Akainamisha kichwa, akasema moyo nao ni msuli. Dawa zipo, ila zinachelewesha tu.

Restuta akauliza kama ni yeye aliyempa mtoto. Daktari akamshika mkono: "Mara nyingi hutoka kwa mama, naye hajui. Si kosa lako. Je, mdogo wake tumpime?"

"Hapana," Restuta akasema. "Niachieni huyo mmoja nisiyejua hali yake."

Basi tukarudi. Sostenes tulimwambia ni ugonjwa wa miguu tu. Zablon sasa hukaa mkekani karibu na mlango, huinuliwa akitaka kwenda nje. Mdogo wake, Denis, amekua. Mimi namwogesha kila jioni, lakini miguu namwachia ajisugue mwenyewe.

Juzi Sostenes aliingia na fimbo ndogo aliyoichonga vizuri, akaipaka mafuta. Denis alikuwa sakafuni, anamenya karanga.

"Inuka, bwana mdogo! Mama, tazama miguu hiyo! Huyu sasa ndiye. Kesho ndama ni wake."

Denis akafurahi. Akaweka viganja chini. Kisha magotini. Kisha mapajani.

Zablon alikuwa anamtazama. Akasema taratibu, "Bibi, asiende machungani."

Nikaichukua ile fimbo mkononi mwa Sostenes kabla Denis hajaifikia.

"Mama, una nini wewe?"

"Kaa chini, mwanangu, nikueleze habari ya kamba."

Jikoni, Restuta alikuwa anasonga ugali. Nikasikia mwiko umenyamaza.