Nyuki wa Buluu wa Saturnina

Yaneth alishuka basi pale Vallegrande, habari ikimuunguza mdomo kama kiazi cha moto. Alimkuta Bibi Saturnina uani anakoroga chicha, pombe yake ya mahindi, na mjomba Wilber anachanganya saruji.

"Bibi, yule nyuki wa buluu wa Babu," alisema, mkoba bado begani. "Tumemsoma chuoni. Hana nyumba yule. Nyuki wa kijivu anachimba kitundu ukutani, anajaza chakula cha mtoto wake, akitoka tu, huyu anaingia anataga humo humo. Toto lake linaua la mwenye nyumba, linakula akiba yote. Mwizi, Bibi."

Koleo la Wilber likasimama. "Umesikia, mama? Miaka yote unanikataza kupiga lipu ukuta huu, kumbe unafuga mwizi."

Hapo ndipo Yaneth akajua saruji ile ilikuwa ya nini. Akatamani aumeze ulimi. Ukuta ule wa udongo, matundu kama chujio. Asubuhi za Novemba kama hii Babu alimpakata kwenye kigoda, wanangoja wa buluu atue, akitua tu Babu anaita jikoni, "Saturnina, umerudi kwako," na Bibi anamtupia gunzi la mahindi. Babu kafa, magunzi hayarushwi tena. Umebaki ukuta.

"Lakini wa kijivu bado wapo wengi tu," alijitetea. "Hawajaisha."

Bibi alikuwa anacheka, mpaka mwiko ukamponyoka.

"Mjukuu wangu, chuo kimekuchelewesha. Nyumba hii babu yako alimjengea Domitila, mchumba wake. Udongo wa matofali haya Domitila aliukanyaga kwa miguu yake mwenyewe. Akaenda kwao wiki mbili kuaga. Mimi nikaja kuwapikia mafundi, na sketi yangu ya buluu." Akajifuta machozi. "Ulidhani babu yako aliniita vile kwa uzuri?"

"Mama, mbele ya mtoto," Wilber alinong'ona.

"Nyamaza, wewe ndiye yai lenyewe. Hiyo saruji kapige bandani kwa nguruwe."

Wilber akaburuta toroli, ananung'unika. Yaneth akavuta kigoda cha Babu, akakaa. Haukupita muda, wa buluu huyo, akazungukazunguka, akatua kwenye tundu lisilo lake.

"Saturnina," Yaneth aliita, "umerudi kwako."

Gunzi likampata begani.