Karatasi za Chini ya Kasuku

Jumanne saa mbili na nusu asubuhi, Lamwaka, mfanyakazi wa ndani, alimtoa kasuku wa Afande Odur kwenye tundu, akamweka juu ya mgongo wa kiti, akaanza kazi. Vikombe vya maji na chakula alivilowesha kwenye beseni la maji ya moto yenye siki. Vijiti vya kutulia alivisugua kwa mswaki wa zamani, akavianika dirishani juani. Pembea, kengele na kile kioo kidogo ambacho kasuku hujitazamia kama bwana harusi, alivifuta kwa kitambaa. Sabuni kali ilikatazwa. Mapafu ya kasuku ni mepesi, na Afande alimpenda ndege huyo kuliko alivyopenda watu, jambo linaloeleweka kwa mtu aliyefanya kazi na watu miaka ishirini.

Vijiti viliporudi mahali pake, ilibaki trei. Wengine hapo mtaani Nakawa hutandika gazeti chini ya ndege wao. Afande alitandika maelezo ya mashahidi yaliyoandikwa polisi. Aliyaleta kutoka kituoni katika bahasha ya kaki, yale ya kesi ambazo mtu fulani hakupenda ziende mbele, na alisema karatasi hiyo hunyonya kuliko gazeti. Hapo alisema kweli.

Kila karatasi ilipotandikwa, aliyeandikisha maelezo hayo alitokea juu ya kijiti, urefu wake kama kidole cha kati, amevua viatu na kuviweka mapajani kama inavyotakiwa mbele ya ofisa. Alikaa hapo kando ya kasuku, akingoja. Karatasi zilizokwisha kazi, Afande alizichoma mwenyewe kwenye sigiri. Kazi hiyo hakumwachia mtu. Karatasi ikishika moto, yule mdogo alifutika, na mwenyewe, yule mtu mkubwa, huko aliko akasahau alichokiona. Kasuku hakuwadhuru. Aliwanyea tu mara mojamoja, nao walijipangusa kwa adabu.

Siku hiyo karatasi zilikuwa tatu. Ya kwanza ilimleta mzee mwenye kofia. Ya pili ilimleta dereva wa lori. Ya tatu ilimleta Nabilah, aliyekuwa akiuza chai Nakivubo kabla ya kuhamia Arua.

Kaka yake Lamwaka, Olal, alikuwa na miezi kumi na minne rumande kwa pikipiki iliyoibwa Lubaga. Wakati pikipiki inaibwa, yeye alikuwa Nakivubo anakunywa chai ya Nabilah. Nabilah aliandikisha hivyo, kisha maelezo yakapotea. Hakimu alikuwa amesema Jumatano ni mwisho: maelezo yaje, au kesi iendelee bila shahidi. Jumatano ilikuwa kesho.

"Wewe si dada ya Olal?" Nabilah aliuliza kutoka kijitini.

"Ni mimi."

"Banange, mbona mumechelewa! Mimi iko kwa bahasha tangu mwaka jana. Mgongo yote imekufa."

Lamwaka alinyoosha mkono kuichukua karatasi. Honi ikalia getini. Afande huja saa saba; sasa ilikuwa saa tano. Lamwaka alimrudisha kasuku ndani, akafunga kijilango.

"Leo iko wangapi?" Afande aliuliza.

"Iko watatu, Afande."

"Lete chai."

Alikaa akilitazama tundu, na chai yake aliinywa polepole kama mtu wa pensheni. Kasuku alitembea juu ya kijiti hadi alipokuwa sawasawa na sahihi ya Nabilah. Akainua mkia. Lamwaka alishika birika bila kumimina. Nabilah akainua kiatu.

"Thubutu," alimwambia kasuku.

Kasuku alifikiri, akasogea, akanyea ushahidi wa dereva wa lori.

"Huyo mama kichwa ngumu," Afande alisema. "Hata kwa kituo alikuwa hivyo." Akachoma karatasi za wiki iliyopita, akapangusa mikono. "Hizi nachoma Ijumaa." Akaondoka.

Lamwaka aliichomoa karatasi, akaweka mahali pake ukurasa mtupu wa daftari. Hakutokea mtu, kwa sababu haukuandikwa kitu. Nabilah akatiwa mfukoni pamoja na karatasi yake.

Lamwaka angeweza kwenda moja kwa moja kortini. Lakini alikuwa binti wa sajini, amezaliwa barakisi, kwenye kambi ya polisi, na mtoto wa barakisi anajua karatasi iliyotoka nje haiwi karatasi mpaka ipite kaunta na kupigwa muhuri upya. Akaenda kituoni.

Konstebo Kidega aliinusa kwanza. "Umetoa wapi?"

"Kwa tundu ya kasuku ya Afande Odur."

"Ah. Hii iko safi. Ingine huwa inanuka sana." Akamwamkia Nabilah, akamketisha kando ya wino.

"Nataka muhuri, ssebo. Kesho ni korti."

"Muhuri utapata. Lakini hii ni mali ya serikali imepatikana nje, dada. Lazima uandikishe namna uliipata. Vua viatu."

Lamwaka alivua. Alieleza yote, akasomewa, akatia sahihi. Kidega alipiga mihuri miwili mizuri na kutia karatasi zote mbili kwenye faili mbele ya macho yake.

Jumatano faili ilifika kortini, nyembamba. Hakimu aliifunua, akaifunga, akasema kesi itaendelea bila shahidi. Olal alimpungia dada yake mkono, akarudishwa rumande.

Ijumaa Afande alikuwa likizo. Alivuta kiti karibu na tundu, akampa Lamwaka bahasha ya kaki, akabaki hapo kutwa nzima.

Karatasi zilikuwa mbili. Ya kwanza ilimleta Nabilah. Ya pili ilimleta mwanamke wa kitenge cha kijani, viatu mapajani. Lamwaka alikitambua kitenge: ndicho alichovaa kituoni.

"Sogea huku," Nabilah alimwambia mgeni. "Hapo ndiyo ndege nanyea."

Lamwaka mdogo alisogea. Lamwaka mkubwa alirudisha trei, akajaza maji kwenye vikombe. Afande akageuza ukurasa wa gazeti.

Jumanne iliyofuata zile karatasi mbili ziliungua vizuri kwenye sigiri, bila moshi mwingi. Lamwaka alikuwa anasugua vijiti kwa siki.

"Kesi ya kaka yako imefika wapi?" Afande aliuliza.

"Bado, Afande. Tunatafuta mtu alimwona siku ile."

"Mtampata," Afande alisema, akamkabidhi bahasha.

Lamwaka alishukuru, akaanza kutandika.