Deni la Mwalimu Nicodemus

Tony alikula firigisi ndani ya nyumba ya marehemu, ameketi kwenye kiti cha marehemu, na Milka akamwona kwa macho yake mawili. Firigisi! Katika boma la Mjaluo firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba, hata mtoto wa chekechea anajua hilo, na mwenye nyumba alikuwa hapo nje chini ya hema, ndani ya jeneza, akisubiri kuzikwa. Tony aliitafuna taratibu huku amefumba macho. Akanyonya vidole kimoja kimoja mpaka gumba, kisha akajifuta mafuta kwenye kitambaa cha kiti ambacho mama yake Milka alikishona kwa mkono wake. Milka alikuwa amemletea maji ya kunawa. Akaweka beseni chini haraka asije akammwagia.

"Asante, dada," Tony akasema, na kipande cha nyama kikamruka mdomoni. "Pole sana. Mzee alikuwa rafiki yangu."

Rafiki! Hebu sikia.

Tony huyu ni yule wa redio, yule wa Migori mjini ambaye sauti yake husikika kutoka Karungu mpaka Takawiri. Kila Ijumaa jioni huwa na kipindi cha maneno ya Kiingereza. Anachukua neno moja, analifungua, anawaambia watu lilizaliwa wapi, likapitia kwa nani, na mbona lina maana mbili tatu zisizojuana. Watu wanampenda kupita kiasi. Manesi wanamsikiliza, makanga wanamsikiliza, hata wanaoparua samaki ufuoni hunyamazishana akianza. Utasikia mtu anaapa kwamba kichwa cha Tony ni maktaba nzima.

Maktaba yenyewe ndiyo iliyokuwa imelala kwenye jeneza. Mwalimu Nicodemus, baba yake Milka, alifundisha Kiingereza pale kwao Magunga mpaka akastaafu, na hakuna kitu alichokipenda duniani kama asili ya maneno. Kila Alhamisi Tony alimpigia simu. Mzee alikohoa, akaketi vizuri, akamweleza somo lote hatua kwa hatua, kama mtu na mdogo wake. Ijumaa Tony akalisema redioni: "Nilipokuwa nikifanya utafiti wangu wiki hii..." Utafiti wake! Mtu ambaye hata kamusi hajawahi kununua.

Na Mzee alikuwa akisikiliza. Hapo ndipo Milka alipokuwa akiumia. Baba aliiweka redio karibu na sikio lake zuri, akasubiri jina lake. Kipindi kiliisha, tangazo la mbolea likaja, tangazo la majeneza likaja, na Mzee bado ameegemea redio. Kisha anazima. "Labda wiki ijayo atanitaja," alisema. "Ni kijana mwenye shughuli nyingi." Milka alipotaka kwenda Migori kumfanyizia Tony vurugu, baba alimkataza kabisa. Akasema mwanamume hadai kutajwa. Basi Milka akanyamaza, na baba akafa bila kutajwa hata mara moja.

Sasa kaka yake, Chrispine, ndiye aliyemleta Tony awe mshereheshaji wa mazishi. Tony alileta spika bure, akaahidi kurusha ibada moja kwa moja redioni, na Chrispine akajiona amemheshimu baba kuliko wana wote wa Suba.

"Leo usituaibishe," alimwambia Milka nyuma ya jiko. "Nakujua wewe."

"Na wewe unamjua huyo?"

"Milka, tafadhali! Tuzike kwanza. Mengine baadaye."

Baadaye gani? Milka alijua desturi kama alivyoijua Chrispine. Kabla jeneza halijashuka, mzee wa ukoo huuliza kama kuna anayemdai marehemu au anayedaiwa naye. Ukishasema, jambo linamalizwa hapo hapo mbele ya watu. Udongo wa kwanza ukishaanguka, mdomo umefungwa. Hakuna tena wa kumdai marehemu wala wa kudai kwa niaba yake. Baba angeingia ardhini bila jina lake, na Tony angebaki na masomo yote kama mali yake halali.

Ibada ikaenda. Kwaya ikaimba, katekista akasoma, na Tony akasimama na maikrofoni. Alikuwa amejipulizia marashi makali mpaka akina mama wa mbele wakaziba pua na leso. Jasho lilimtiririka shingoni, likachora duara la njano kwenye kola. Akalishika jeneza, akalipapasa. Milka alitazama ule mkono wenye mafuta ya kuku ukiteleza juu ya mbao za baba yake, na ngozi yake yote ikasisimka kwa kinyaa.

"Ndugu wasikilizaji," Tony akasema, "kwa heshima ya Mwalimu, leo nawapa neno nililolitafiti mwenyewe. Neno ni *bark*."

Milka aliinua kichwa. Hilo lilikuwa somo la mwisho la baba. Alimfundisha Tony kwa simu akiwa tayari hajiwezi, Milka mwenyewe amemshikia simu. Na Tony, kwa uvivu wake, wala hakusikiliza. Milka alisikia kule upande wa pili mtu akicheka na redio ikiimba, huku mgonjwa akitafuta pumzi.

"*Bark* ni mbwa kubweka," Tony akaendelea. "*Bark* pia ni gome la mti. Sasa kwa nini? Ni ndugu hawa! Wazungu wa kale walipochuna mti walisikia unalia kama mbwa. Ndiyo wakaita gome *bark*!"

"Yawa!" watu wakashangaa. Wakapiga makofi. Mazishini, wakapiga makofi! Tony akainamisha kichwa kwa unyenyekevu na kulamba midomo.

Uongo! Tena uongo ule ule ambao baba aliuchukia maisha yake yote, wa kuyapachikia maneno undugu kwa sababu tu yanafanana sura. Baba alikuwa amesema wazi, kwa pumzi zilizobaki. La mbwa ni la Waingereza wenyewe tangu kale. La gome waliletewa na watu wa kaskazini waliokuja kuwavamia. Na kuna la tatu, mashua ya zamani, lililotoka Kilatini likapitia kwa Wafaransa. Hayana baba mmoja, hayana mama mmoja. "Hapa Magunga tuna Omondi fundi baiskeli na Omondi wa kwaya," alimwambia Tony. "Wote walizaliwa alfajiri, wakaitwa hivyo. Utasema ni ndugu?" Na leo anasemewa upuuzi huu juu ya jeneza lake.

Baba mdogo wa Milka, Mzee Nashon, ambaye ndiye mzee wa ukoo, alisimama na fimbo yake karibu na kaburi.

"Kabla hatujamlaza ndugu yangu," akasema, "nani anamdai?"

Watu wakatazamana.

"Nani anadaiwa naye?"

Jirani mmoja akakiri ana toroli la Mwalimu tangu msimu wa kupanda. Akaambiwa alirudishe, akaitikia. Mzee Nashon akatazama huku na huku, akainama kuchota udongo.

"Yupo mwingine," Milka akasema.

"Keti!" Chrispine akamvuta nguo. Milka akauondoa mkono wake.

"Baba anamdai Tony. Masomo yote mnayoyasikia Ijumaa ni ya baba yangu. Huyu alimpigia baba kila Alhamisi, akafundishwa, akayauza kama yake. Hakumtaja hata siku moja, na baba alikuwa akisubiri. Nilimwona akisubiri."

Watu wakanong'ona. Tony akatabasamu lile tabasamu lake la mabango.

"Dada ana uchungu," akasema kwenye maikrofoni. "Tumwelewe. Lakini kama familia inaona Mzee alinisaidia kidogo, mimi si mtu mbaya. Nitatoa ng'ombe. Ng'ombe dume!"

Makofi tena! Ng'ombe! Chrispine akasimama upesi kabla mtu hajabadilisha nia. "Tumekubali."

"Wewe umekubali," Mzee Nashon akasema. "Mimi sijakubali. Kwani, Tony, ulichukua ng'ombe hapa? Kijana, unarudisha ulichochukua. Ulisema masomo ni yako. Sasa sema ni ya nani."

Milka akamwona Tony akimtupia jicho Levis, fundi wake wa mitambo, na kidole kikapita haraka shingoni. Taa nyekundu kwenye mashine ya Levis ikazima. Hapo ndipo Tony alipolia. Alilia kwa kamasi na machozi, akapiga magoti, akasema Mwalimu alikuwa mwanga wake, chemchemi yake, kila neno lilikuwa la Mwalimu. Akina mama wakaguna kwa huruma. Mzee Nashon akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akainama tena.

"Bado," Milka akasema.

"Nyathina, mtoto wangu, amesema. Tumesikia sote," Mzee Nashon akasema.

"Sisi tumesikia. Redio amezima. Aliiba akiwa hewani, anarudisha gizani."

Watu wote wakageukia mashine. Levis akaangalia viatu vyake. Milka akamwendea Tony pale chini, akachukua maikrofoni mkononi mwake. Ilikuwa imelowa jasho, mate na mafuta, inateleza, na harufu ya kuku na marashi ikamjaa puani. Hakuiachia.

"Washa," akamwambia Levis.

Levis alimtazama bosi wake, akamtazama Mzee Nashon na fimbo yake, akabonyeza. Taa ikawaka. Milka akaiweka maikrofoni mbele ya mdomo wa Tony, karibu kabisa.

"Rudia."

Tony akarudia. Safari hii machozi hayakuja. Sauti ile tamu ilitoka imekauka, ikikwama kila neno. Akasema masomo yalikuwa ya Mwalimu Nicodemus wa Magunga, tangu la kwanza. Akasema yeye hakuwahi kutafiti chochote.

"Na mti unaolia kama mbwa?"

"Nilitunga."

"Lini?"

"Sasa hivi. Sikukumbuka alichoniambia."

Waliopiga makofi wakatazama mikono yao. Mahali fulani katika boma la jirani redio ilikuwa wazi, na jina la Mwalimu Nicodemus likasikika likitoka huko, limechelewa kidogo nyuma ya mdomo wa Tony, kwa sauti ile ile ambayo Mzee alikuwa akiiegemea kila Ijumaa.

Milka alidhani atafurahi. Hakufurahi hata kidogo. Alimwangalia yule mtu mzima aliyepiga magoti na kamasi mdomoni, akaona kulitaja jina la baba kungemgharimu pumzi moja tu, wakati wowote, Ijumaa yoyote, baba akiwa hai na sikio lake limetegwa. Akaitupa maikrofoni kwenye nyasi.

"Sasa mzikeni baba yangu," akasema.