Namba ya Kadi ya Marehemu Fransisko

Kosa ni langu. Naanza na hilo ili nisije nikajisahau nikawalaumu wengine.

Siku walipomaliza matanga ya Fransisko, ndugu walikaa uani kugawana vitu vyake. Suruali ziligawiwa, majembe yakagawiwa, baiskeli ikapata mwenyewe. Ilipofika zamu ya kompyuta wakasema nayo igawiwe, kila mtu apate cha kumkumbukia, na mimi fundi nikaitwa kuifungua. Badala ya kuwaambia kwamba kompyuta haikatwi mapande kama mbuzi, nilicheka tu, nikachomoa kimoja kimoja. Kioo kilikwenda kwa mpwa wake wa Mang'ula. Boksi lenyewe alibaki nalo mjane, Tekla. Pembeni palikuwa na kikadi cha mtandao cha kuchomeka, kidogo kuliko kiberiti, nikampa kaka mkubwa wa marehemu, Maximilian, aliyekuwa hajapata kitu.

"Hiki hakina kazi," nilimwambia, "lakini ni cha marehemu."

Akakifunga kwenye funguo za pikipiki yake, akarudi nacho Mlimba.

Miezi saba baadaye, Jumatano asubuhi, Tekla aliingia kwenye kibanda changu pale Kibaoni na boksi lile kichwani, limefungwa kwa kitenge.

"Shikamoo, Mama Careen."

"Marahaba, fundi Salvatory. Nisaidie, baba. Kesho nasimama kwenye baraza la ardhi."

Maximilian alikuwa amedai zile ekari nne za mpunga kule bondeni. Tekla amezilima miaka kumi na tisa, na majaruba yote kayachimba kwa mikono yake. Marehemu mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa kupima mashamba ya watu, alimwambia alipokuwa kitandani anaumwa: shamba nimeshalipima, ramani iko kwenye kompyuta, usiwe na wasiwasi. Nakala ya ofisi ya kijiji ililowa kwenye mafuriko, ikawa uji. Imebaki ya kwenye boksi.

"Bila hiyo ramani," alisema, "kesho kutwa narudi kwetu Mahenge na sufuria zangu."

Nilichomeka kioo changu nikawasha. Mashine iliamka vizuri, inaendeshwa na Linux, mfumo usio na makuu. Nikabonyeza programu ya ramani. Ilifunguka nusu, ikaandika kwamba kadi ya mtandao iliyosajiliwa haionekani, kisha ikajifunga. Palepale nilijua kadi hiyo iko wapi.

Ilibidi nimweleze. Kila kadi ya mtandao hutoka kiwandani na namba yake, tarakimu na herufi kumi na mbili. Waliomuuzia Fransisko programu waliifunga kwenye namba ya kikadi kile, ili asije akawagawia wenzake. Ikikosa namba hiyo, haifunguki.

"Kwa hiyo ulimpa Maximilian ufunguo wa nyumba yangu," alisema.

"Nilimpa, mama."

"Tukimwomba?"

"Atauliza cha nini."

Hakunitukana. Angenitukana ningepumua.

Lakini fundi hafi moyo haraka. Ndani ya boksi kulikuwa na kadi nyingine, iliyokuja na mashine, ambayo Fransisko hakuwahi kuitumia. Kadi inaweza kuambiwa ijitaje kwa namba isiyo yake. Shida ni kuijua namba yenyewe. Mashine haikuwa imewashwa tangu azikwe, kwa hiyo kumbukumbu zake za zamani zilikuwepo zote. Nilizipekua mstari kwa mstari, saa nzima, mpaka nikaikuta: siku fulani ya Aprili, saa mbili asubuhi, kikadi kimechomekwa, namba yake hii hapa. Niliiandika kwenye kiganja kwa kalamu. Tekla alikuwa kwenye benchi, midomo yake inacheza. Nadhani alikuwa anasali.

Jaribio la kwanza, mashine ilikataa. Kadi iko kazini, haibadilishwi namba. Nikaizima kadi, nikaipa namba mpya, nikaiwasha. Ikakubali. Nikaifungua programu huku natabasamu kama mjinga, nayo ikaniandikia ujumbe uleule. Kuangalia, kadi imerudi kwenye namba yake ya kiwandani. Nikarudia, ikarudi tena. Mara tatu. Nikaanza kufoka peke yangu, mteja aliyeleta simu akaghairi akaondoka. Kumbe mule ndani mna msimamizi wa mitandao, programu yenye kiherehere, ambaye kila kadi ikiamka anairudishia namba ya kuzaliwa. Nikamsimamisha kazi. Nikabadilisha mara ya nne, nikahesabu mpaka ishirini. Namba ikatulia.

"Sasa inadhani ni ile kadi?" Tekla aliuliza. Alikuwa amesogea, amesimama nyuma yangu.

"Inadhani ni ileile."

"Na ukiizima?"

"Ikiwaka tena itakuwa imesahau. Lakini tutakuwa tumeshachapa."

"Mashine haijui uongo?"

"Mashine inaamini inachoandikiwa, mama."

Programu ilifunguka. Tekla alipiga kigelegele kimoja kifupi, halafu akaziba mdomo kwa mkono. Mashamba yalijipanga, ya watu wa huku na kule, na katikati nikaliona lao. Alilijua kabla sijasema, kwa pembe ile iliyokatwa na mfereji.

"Hapo ndipo Careen alipong'atwa na nyoka," alisema. "Hapo. Soma, fundi. Soma kilichoandikwa."

Nikasoma kimoyomoyo kwanza. Ukubwa, ekari nne na robo. Mpimaji, Fransisko. Tarehe, mwezi mmoja kabla hajaugua. Mwenye shamba, Maximilian.

Nilisoma tena. Nikafungua ukurasa wa pili, nikijua hakuna. Shamba la baba yao, na la baba huandikwa jina la mzaliwa wa kwanza. Ndivyo walivyolelewa, na Fransisko na mitambo yake yote ya satelaiti alifanya vilevile. Jina la mkewe halikuwemo popote. Nilimchukia marehemu, Mungu anisamehe.

"Soma basi."

Nikamsomea. Sikuweza kugeuka kumwangalia. Nje pikipiki zilikuwa zinapita.

"Aliniambia nisiwe na wasiwasi," alisema mwishowe.

"Ndiyo, mama."

"Fundi." Aliweka kidole juu ya kioo, chini ya jina la shemeji yake. "Si umesema inaamini inachoandikiwa? Hapa napo iandikie. Andika Tekla."

Ilikuwa rahisi kuliko kadi. Jina halikuwa limefungwa na chochote. Kulibonyeza, kulifuta, herufi tano, kuchapa. Asubuhi yote nimeidanganya mashine na sikuona aibu hata kidogo. Lakini sasa niliona baraza, nikaona Maximilian analeta mashahidi, nikaona pingu, na nikawaona wanangu. Niliogopa. Sina neno zuri zaidi la kuliita hilo.

"Haiwezekani," nilisema. "Jina limefungwa."

"Hata kwako wewe?"

"Hata kwangu."

Alitikisa kichwa polepole. Aliniamini, kwa sababu tangu asubuhi alikuwa ameniona nikihangaika.

"Basi kama wewe umeshindwa, hakuna wa kuweza."

Alikunja kitenge chake. Boksi akasema libaki, huko aendako hakuna umeme. Halafu akachomoa mfuko wa mchele aliokuwa ameuficha ndani ya kitenge, kilo mbili hivi, mchele wa shamba lile, akauweka mezani karibu na mkono wangu wenye namba.

"Chukua, baba. Umesumbuka sana."

Nikaupokea kwa mikono miwili, nikasema asante.