Filimbi kwa Baba Mkwe

Sura ya baba mkwe wangu siijui vizuri hadi leo. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mwana hamtazami mkwe usoni wala hamsemeshi. Akimwona njiani, anapinda kwenye migomba. Wengi siku hizi wameacha. Mkwe wangu, Mzee Angetile, hajaacha, na mimi nampa heshima yake.

Kazi yangu ni kuongoza safari za kayaki ziwani hapa Matema na kuwafundisha vijana wetu kupiga kasia salama. Kila siku nawaimbia: vaa jaketi, usitoke peke yako, ukipinduka usiiache kayaki. Asubuhi ile nilikuwa nairudisha kayaki moja kutoka Ikombe. Mwenzangu Jubilate alikuwa na malaria, nikasema si mbali, nitakwenda mwenyewe. Mganga hajigangi.

Upepo wa mwera ukaja bila hodi. Wimbi likanipindua, na kila nilipojaribu kupanda, jingine likanirudisha majini. Nikaikumbatia kayaki mpaka mikono ikafa ganzi. Ndipo nikaona mtumbwi, na mgongo ninaoujua kuliko sura: baba mkwe anatoka kutega nyavu.

Mtu mwingine angepiga kelele. Mimi nilifungua mdomo, nikaufunga. Sijawahi kumwita, nitaanzia hapa? Nikameza maji, nikamfikiria mwanangu Kisa, nikajikasirikia kweli kweli. Kisha mkono ukagusa filimbi iliyofungwa kwenye jaketi. Filimbi si sauti yangu! Nikapuliza mpaka masikio yakaziba.

Aligeuka, akaniona, akanipa tena mgongo. Roho ikanitoka. Lakini mtumbwi ulikuwa unakuja! Mzee alikuwa anapiga kasia kinyumenyume.

"Ewe mtumbwi," alisema, "mwambie huyo mtu akushike nyuma. Asipande, tutazama wote."

Nikashika. Alinivuta hadi ufukweni bila kugeuka hata mara moja. Nililia kwa shukrani, nikiutazama mgongo ule wa kizee ukihangaika kwa ajili yangu.

Miguu ilipogusa mchanga, nikapata sauti. "Ewe mtumbwi, mwambie mzee, ndaga fijo. Asante sana. Leo Kisa angelala bila mama."

Alifunga kamba taratibu, macho yake ziwani.

"Ewe mtumbwi, mwambie mama Kisa, mkamwana ninaye mmoja tu. Asitoke tena peke yake."