Mlango wa Tabaka Saba

Risasi ya majambazi iliyopiga lori la Yakub karibu na Tseikuru, mwaka wa 1979, haikumuua mtu. Ilitoboa mlango, ikapasua themosi iliyokuwa mapajani mwa mkewe Esha, ikajizika kwenye kiti. Tangu siku hiyo Esha alikataa katakata.

"Siku ukiwasha hilo lori, Baba Amin, mimi narudi kwetu Mwingi, na mtoto nakwenda naye."

Yakub bila lori akawa mtu wa kushinda hotelini akisimulia. Kila aliposimulia, risasi ilizidi kumsogelea. Mwanzo ilimpita mbali, halafu ikampita sikioni, na kufikia Ramadhani ilikuwa imemchana shati. Mwenyewe alishaamini.

Ndipo akamwita Mutiso, fundi wa kuchomelea, wakatengeneza mlango mpya: bati, mpira wa tairi, ngozi ya fahali, gunia lililoshindiliwa mchanga, kisha bati, mpira na ngozi tena.

"Risasi ina haraka," Yakub alimweleza. "Ikikuta bati inachanganyikiwa, ikikuta mpira inachoka. Ikifika kwa ngozi inataka tu kulala."

Bunduki ya kuujaribia mlango ilikuwa ya Musyoka, askari wa akiba. Alikuwa na risasi tano, na kila moja lazima iandikwe kitabuni na sababu yake.

"Siwezi andika nimepiga mlango," Musyoka alisema. "Mlango imekosea nani?"

"Andika fisi."

Musyoka alifikiri sana. "Dume ama jike?"

"Dume."

Akaandika kabla ya kupiga, asije akasahau.

Mlango uliegemezwa kwenye kichuguu, nyuma yake kibuyu kikubwa kimevaa kofia ya Yakub. Soko zima lilikuja, Esha naye, mikono kifuani. Bunduki ikalia, vumbi likatimka. Kofia haikutikisika. Risasi ilikutwa kwenye tabaka ya sita, imejikunja. Yakub alikikumbatia kile kibuyu, machozi yakimlengalenga.

Wanaume sita waliufunga mlango upande wa dereva, lori likainama kulia. Yakub akapanda, akaupiga kofi.

"Haya, Mama Amin! Sema sasa!"

Esha alizunguka mbele ya lori polepole, akaenda upande wa pili, kwenye mlango wa zamani. Yakub akiwa kitini aliona kidole kikichomoza kwenye tundu la bati, kidole chenye pete aliyomvisha yeye mwenyewe.

"Baba Amin," sauti ilitoka nje, "ile risasi ilipita wapi?"

Yakub akakumbuka gauni lililolowa chai ya moto, na jinsi Esha alivyonyamaza huku yeye akipiga mayowe. Haya zikamshika mpaka masikio yakawaka moto. Alitaka kushuka, mlango ukamshinda kwa uzito, akatokea dirishani kichwa kikitangulia.

"Mutiso!" akaita kutoka mavumbini. "Fungua huu! Tunatengeneza wa kushoto!"

"Ngozi imeisha, mzee."

"Toa kwa wangu!"

Esha akafungua leso yake kichwani, akaenda kukivua kibuyu kofia ya Yakub, akakifunga leso hiyo, akakaza fundo vizuri.

Musyoka alikuwa ameshatoa kitabu.

"Fisi jike," alisema, akiandika.